Haiba, Unyumbufu na Uchovu Sugu wa Wanachuo: Tatizo la Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika saikolojia ya elimu zipo dhana tatu ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikichunguzwa pamoja kila inapotakiwa kueleza kwa nini wanachuo wawili, wanaosoma kozi moja na kulala bweni moja, humaliza muhula wakiwa katika hali mbili tofauti. Wa kwanza amechoka, lakini likizo ikipita yu tayari kuanza upya. Wa pili naye amechoka, lakini likizo haimfai kitu. Anarudi chuoni kama alivyoondoka, hana hamu ya mhadhara wala imani kwamba juhudi yake itazaa matunda. Dhana hizo ni haiba, yaani jumla ya tabia za kudumu zinazomtofautisha mtu na mwenzake. Uwezo wa mtu kurejea katika hali njema baada ya kupatwa na shida. Na ule uchovu wa muda mrefu usioondoka kwa kulala.

Makala haya yanazijadili dhana hizo kwa mtazamo wa isimu. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuzibainisha, ila istilahi ambazo zimezoeleka hazijachaguliwa kwa uangalifu unaostahili. Hususan, uwezo wa kurejea huitwa uvumilivu au ustahimilivu, maneno ambayo maana yake ya msingi ni kubeba mzigo bila kulalamika. Kosa hilo si dogo. Mwanachuo anayekaribia kuanguka mara nyingi ndiye huyo aliyebeba kwa muda mrefu bila kulalamika. Istilahi ikimsifu kwa jambo linalomdhuru, basi hojaji itampima vibaya, na mshauri nasaha atamshauri vibaya.

2.0 Chimbuko la Dhana

2.1 Haiba

Uchunguzi wa haiba una deni kubwa kwa kamusi. Mwaka 1884 Francis Galton wa Uingereza alipekua kamusi ya visawe ya lugha yake akitafuta maneno yanayotaja tabia za watu. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert wa Marekani walikusanya kutoka katika kamusi moja kubwa ya Kiingereza maneno takribani 18,000 yanayoweza kumpambanua mtu na mwenzake, na miongoni mwake takribani 4,500 yalihesabiwa kuwa yanataja tabia za kudumu. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa dhana ya kiisimu: kwamba tofauti za watu zilizo muhimu katika maisha ya jamii lazima hatimaye zipate majina katika lugha ya jamii hiyo. Wataalamu waliofuata waliyapunguza maneno hayo kwa mbinu za kitakwimu, hadi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 yakakubalika makundi makuu matano: uchangamfu, ukunjufu kwa wengine, uwajibikaji, wepesi wa kuhangaika, na udadisi wa mambo mapya.

Msomaji wa Kiswahili anaona mara moja ugumu wa kuihamisha njia hiyo kama ilivyo. Kiingereza hutaja tabia kwa vivumishi, na vivumishi vyake ni vingi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina vivumishi halisi vichache. Tabia za watu hutajwa kwa njia nyingine: kwa maneno yatokanayo na vitenzi, kama vile mchangamfu kutokana na changamka na msikivu kutokana na sikia, kwa shina -enye, kama mwenye huruma, na zaidi ya yote kwa nahau zinazotumia viungo vya mwili. Mtu ana moyo, ana roho ngumu, ana kichwa kigumu, ana mdomo, ana uso mkavu. Mtu anayeweza kuficha siri na kuumia ndani kwa ndani huambiwa ana kifua. Mtafiti atakayehesabu vivumishi pekee atazikosa sifa hizi zote, na kwa suala la makala haya atakuwa amekosa jambo muhimu sana, kwa kuwa mwenye kifua ndiye asiyefika kwa mshauri.

Hata jina la dhana yenyewe lina utata. Neno haiba limekubalika katika vitabu vya saikolojia, lakini katika matumizi ya kila siku lina maana ya sura au mwenendo unaovutia na kuheshimisha. Mtu hasemwi kuwa na haiba mbaya bila msikilizaji kushtuka. Neno hulka linaegemea maumbile ya kuzaliwa nayo. Neno tabia linabeba yote mawili, maumbile na mwenendo, na ndiyo maana wasemaji wana misemo miwili inayopingana: tabia haina dawa, na mazoea hujenga tabia. Mvutano huohuo umo katika utafiti. Tabia za msingi huonekana kudumu kwa kiasi kikubwa katika utu uzima, lakini hubadilika pia, na miaka ya ujana inayoangukia chuoni ni miongoni mwa miaka ya mabadiliko hayo. Kwa kuwa haiba limekwisha kuzoeleka katika taaluma, makala haya yanalitumia, kwa sharti kwamba lisichukuliwe kuwa sifa njema wala kuwa hukumu isiyobadilika.

2.2 Uchovu sugu

Dhana ya pili ilipewa umbo la kitaaluma na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1974. Alikuwa akifanya kazi katika zahanati isiyotoza malipo, pamoja na vijana waliojitolea kuwahudumia, miongoni mwa wengine, watumiaji wa dawa za kulevya. Aliona kwamba baada ya muda baadhi yao walipoteza nguvu, wakawa wepesi wa hasira, na wakaanza kuwadharau wale waliokuja kuwasaidia. Jina alilolitumia kwa Kiingereza linatokana na moto: kitu kilichowaka mpaka kikazimika kwa kukosa kuni. Freudenberger alisisitiza kwamba waliokuwa katika hatari zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Asiyewaka hazimiki.

Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akiwa na Susan Jackson, alichapisha mwaka 1981 kipimo kilichoigawa hali hiyo katika sehemu tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kujiona kwamba mtu hafanikishi lolote katika kazi yake. Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanachuo wa Hispania, Ureno na Uholanzi, wakitumia kipimo kilichorekebishwa ili kimfae mwanafunzi. Sehemu zake tatu zikawa uchovu unaosababishwa na masomo, kuyabeza masomo na kujitenga nayo, na kujiona huwezi.

Katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii kuwa jambo linalohusiana na kazi, si ugonjwa, na limeeleza kwamba isitumiwe kwa nyanja nyingine za maisha. Hapa pana swali la maana kwa Kiswahili. Je, kusoma si kazi? Mzungumzaji wa Kiswahili hasiti kusema kwamba mwanafunzi ana kazi nyingi au kwamba kusoma ni kazi ngumu. Masomo yana saa zake, wasimamizi wake, tarehe za mwisho na hukumu mwishoni. Kinachokosekana ni mshahara na saa ya kutoka, na upungufu huo haupunguzi uchovu. Kwa hiyo watafiti wa elimu wana sababu nzuri ya kuendelea kuitumia dhana hii kwa wanachuo, mradi wasiifanye kuwa jina la ugonjwa, wala wasiichanganye na sonona, ambayo ni maradhi yanayohitaji daktari.

2.3 Uwezo wa kurejea

Dhana ya tatu ina asili katika elimu ya vitu. Neno lake la Kiingereza linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka nyuma, na kwa muda mrefu lilitumika kueleza sifa ya vitu vinavyopindwa au kuvutwa kisha vikarudi katika umbo lake. Katika elimu ya watu, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Emmy Werner na wenzake katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Uliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa watoto waliokulia katika dhiki nyingi, takribani theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wengine. Werner alipotafuta sababu, alikuta baadhi zimo ndani ya mtoto, kama vile tabia ya uchangamfu inayowavuta watu. Nyingine zilikuwa nje yake, na kubwa miongoni mwake ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyemjali mtoto kwa uthabiti, awe mzazi, bibi, mwalimu au jirani. Mwaka 2001 Ann Masten wa Marekani alipozichambua tafiti za aina hiyo, alihitimisha kwamba uwezo huu si kipaji cha watu wachache wa ajabu. Ni kazi ya kawaida ya mambo ya kawaida yanapokuwa salama: uhusiano na watu, akili inayofanya kazi, matumaini na taratibu za jamii.

Yaani mtu hurejea kwa sababu yapo mambo ya kumrejesha. Nukta hii ndiyo inayopotea pale dhana inapofasiriwa kuwa uvumilivu.

3.0 Uchovu katika Sarufi na Usemi wa Wanachuo

3.1 Kitenzi choka na vinyambuo vyake

Kitenzi kinachotumika zaidi kutaja hali inayojadiliwa ni choka. Mifano ifuatayo inaonyesha maumbo yake makuu:

(1) a. Nimechoka.
    b. Ninachoka.
    c. Nimechoshwa na masomo.
    d. Umejichosha mwenyewe.

Katika (1a) kiambishi -me- kinaonyesha hali iliyokwisha kufikiwa na ambayo bado ipo, kama ilivyo katika amelala au amesimama. Umbo la (1b) linaonyesha mchakato unaoendelea, na ni nadra mno kusikika kama jibu la swali la hali ya mtu. Hivyo desturi ya usemi humfanya mzungumzaji atangaze tokeo, si mwendo. Mwanachuo anapofikia kusema nimechoka, kwa kawaida kuchoka kumekwisha kufika.

Tofauti iliyo muhimu zaidi ni ya visababishi. Kitenzi choka hakina mtenda; mwenye kuchoka ni mpatwa wa hali, na chanzo chake hakitajwi. Kinyambuo chosha, ambamo sauti k ya mzizi imegeuka sh kama ilivyo katika waka na washa au anguka na angusha, kinaleta kisababishi katika sentensi, na umbo la kutendwa choshwa linamwezesha aliyechoka kukitaja kwa neno na. Umbo jichosha nalo linamfanya aliyechoka kuwa kisababishi cha uchovu wake mwenyewe.

Maumbo haya matatu yanalingana na nadharia tatu za chanzo cha uchovu. Anayesema amechoka huiacha sababu bila kutajwa. Anayesema amejichosha huitafuta sababu ndani ya mtu, na huko ndiko utafiti wa haiba unakoelekea ukisomwa bila uangalifu. Anayesema amechoshwa huitafuta katika mazingira. Maslach, akiwa na Michael Leiter, aliandika mwaka 1997 kwamba uchovu huu huzaliwa pale mtu na kazi yake wanapoachana katika mambo sita: wingi wa kazi, uwezo wa mtu kuiamulia kazi yake, tuzo, mshikamano na wenzake, haki, na maadili. Yote sita hueleweka vyema zaidi kwa umbo choshwa.

3.2 Msimu wa wanachuo

Katika vyuo vya Tanzania msimu wa wanafunzi una msamiati mpana wa jambo hili. Kusoma kwa bidii usiku ni kupiga msuli. Kushindwa somo na kulirudia ni kupata sapu, na kuondolewa chuoni kwa sababu ya alama ni kudisko. Fedha za kujikimu zitokazo kwenye mkopo ni bumu, na fedha hizo zikiisha mwanachuo husema amechacha. Mwenye kulalamika huambiwa akaze, akaze buti, au akomae.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba katika usemi wa mitaani kuchoka kumepata maana ya kufukarika. Aliyechoka ni asiye na fedha, na mchovu ni mtu asiye na thamani mbele ya wenzake. Neno la kutaja uchovu limekuwa pia neno la kudharau. Mwanachuo anayeogopa kuitwa mchovu ana sababu ya kutosema kwamba amechoka, na wako wanaochagua kufa na tai shingoni. La pili ni sitiari ya kukaza. Kitu kinachokazwa ni kamba, skrubu au fundo, na sifa ya kukaza ni kwamba hakuna hatua ya kulegeza inayofuata. Ushauri wa kukaza hauna mwisho. Ukishakaza, na mambo yakazidi, hubakiwi na neno jingine ila kukaza zaidi. Nao wahenga walikwisha kusema kwamba kamba hukatikia pembamba.

Upo pia mzigo ambao wanaisimu hawana budi kuutaja. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya umma kwa kawaida husoma kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu hufundisha kwa Kiingereza. Mwanachuo anayesoma kitabu kwa lugha asiyoimudu vyema hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuielewa lugha na kuielewa hoja. Akichelewa, huonekana mvivu. Akinyamaza katika semina, huonekana hana la kusema. Sehemu ya tatu ya uchovu, yaani kujiona huwezi, inaweza hapa kuwa tokeo la lugha, huku hojaji ikiisoma kuwa upungufu wa haiba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mhadhiri aliyekwisha kuizoea lugha hiyo husahau uzito wake.

4.0 Uteuzi wa Istilahi

Istilahi njema hupimwa kwa vigezo vinavyojulikana: ibebe dhana kwa usahihi, iwe fupi, ifuate kanuni za uundaji wa maneno ya Kiswahili, iweze kuzalisha maneno mengine, na ikubalike kwa watumiaji.

4.1 Istilahi ya uchovu

Neno uchovu peke yake halitoshi, kwa kuwa linataja pia uchovu wa mkulima jioni, ambao ni wa heri na huondoka kwa usingizi. Neno uchakavu lina ubora wa kuonyesha kwamba kitu kimeharibika kwa kutumiwa muda mrefu, lakini likitumiwa kwa mtu ni tusi. Ukinaifu linataja sehemu ya pili tu, ile ya kuyabeza masomo.

Istilahi inayopendekezwa ni uchovu sugu. Neno sugu, lenye uhusiano na kitenzi sugua, kwa asili ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mshika jembe. Kutokana na maana hiyo likapata maana ya jambo la kudumu lisilotibika upesi, kama katika maradhi sugu. Maana zote mbili zinafaa hapa. Maana ya kudumu inautenga uchovu huu na ule wa jioni. Maana ya ngozi ngumu inaitaja sehemu ya pili, kwa kuwa mahali penye sugu hupoteza hisi: mwanachuo aliyekuwa akilipenda somo halihisi tena. Vilevile sugu haiji bila kitu kinachosugua, na hivyo istilahi inaacha nafasi ya kuuliza ni nini kilichosugua. Kwa kuwa tiba nayo inazo hali za uchovu wa muda mrefu zenye sababu za kimwili, inafaa istilahi ikamilishwe kwa kitaja uwanja: uchovu sugu wa masomo, uchovu sugu wa kazi.

4.2 Istilahi ya uwezo wa kurejea

Maneno yanayoshindania nafasi hii ni manne. Subira ni kungoja kwa utulivu. Uvumilivu ni kuendelea licha ya maumivu. Ustahimilivu unatokana na kitenzi chenye asili ya Kiarabu, ambacho mzizi wake wa kubeba ndio uliotupa pia neno hamali, mchukuzi wa mizigo. Katika miaka ya karibuni neno hili limetumika sana katika mipango ya maafa na mabadiliko ya tabianchi, na ndugu yake himilivu hutumika kwa deni la taifa ambalo nchi inaweza kulibeba. Matumizi hayo ya mwisho yanadhihirisha maana yake vizuri: himilivu ni kile kinachobebeka. Neno la nne, ukakamavu, linatokana na kakamaa, yaani kuwa kigumu kisichopinda. Hilo ni kinyume kabisa cha dhana inayotafutwa, kwa kuwa kisichopinda, nguvu ikizidi, huvunjika.

Maneno yote manne yanataja mtu wakati mzigo ungali mabegani. Hakuna hata moja linalotaja kurudi. Kurudi kunatajwa na kitenzi nyumbuka, ambacho wanaisimu wanakifahamu kwa maana yao wenyewe, na ambacho katika matumizi ya kawaida hueleza mpira, ufito au upinde unaovutika na kurudi. Nomino unyumbufu imeundwa kwa kanuni ileile inayotoa uvumilivu kutokana na vumilia, na inazaa kivumishi -nyumbufu bila taabu. Istilahi inayopendekezwa ni unyumbufu wa nafsi. Inaweza kupingwa kwamba unyumbufu hutumika pia kwa maana ya wepesi wa kubadilika kulingana na hali. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa kitaja nafsi kinaweka mpaka, na wepesi huo wenyewe ni sehemu ya kurejea.

Istilahi hii ina faida moja zaidi. Kila kitu kinyumbufu kina kikomo. Kikivutwa kupita kikomo hicho hakirudi, na upinde ulioachwa umevutwa usiku na mchana hupoteza nguvu hata kama haujavunjika. Uvumilivu husifiwa bila kikomo. Unyumbufu, kwa maana yake yenyewe, unadai kipindi cha kuachiwa.

5.0 Athari katika Vipimo na Ushauri Nasaha

Tofauti hizi zina matokeo ya moja kwa moja katika utafiti. Tafiti nyingi za wanachuo hutumia hojaji tatu kwa pamoja: moja ya haiba, moja ya unyumbufu, kama ile ya maswali 25 iliyotolewa na Kathryn Connor na Jonathan Davidson mwaka 2003, na moja ya uchovu sugu. Mwelekeo wa jumla wa matokeo unajulikana. Wenye wepesi wa kuhangaika huripoti uchovu mwingi zaidi. Wenye uwajibikaji na uchangamfu huripoti mdogo zaidi. Na unyumbufu huonekana kusimama katikati, ukipunguza kwa sehemu athari ya haiba. Lakini nyingi za tafiti hizo hupima mambo yote kwa wakati mmoja. Uhusiano wa aina hiyo hauoneshi kipi kilitangulia. Mwanachuo aliyechoka kwa miezi minane huenda akajaza hojaji ya haiba kama mtu mwenye kuhangaika sana, ilhali kuhangaika huko ni zao la uchovu wenyewe.

Hojaji ikifasiriwa, hatari huongezeka. Chukua kipimo kilichokusudiwa kuuliza kama mtu hurejea baada ya shida, kisha mfasiri akaandika: Mimi huvumilia shida zinaponipata. Katika jamii inayofundisha tangu utotoni kwamba mvumilivu hula mbivu, mhojiwa mwenye adabu atakubali, na mwenye kifua atakubali kwa nguvu zaidi. Kipimo kitakuwa kimepima utayari wa kunyamaza, na aliye hatarini atapata alama za juu za unyumbufu. Mbinu ya tafsiri rejeshi, iliyoenezwa na Richard Brislin tangu mwaka 1970, haitoshi kuligundua kosa hili, kwa kuwa mfasiri wa pili anaweza kulirudisha neno huvumilia katika neno la Kiingereza linalokaribiana na lile la awali, na karatasi zote mbili zikaonekana kuwiana. Njia iliyo salama zaidi ni kutaja tendo badala ya sifa: Baada ya jambo baya, huchukua muda gani kabla ya kuanza tena shughuli zako? Nani humwendea? Swali la mwisho ni muhimu, kwa kuwa linapima kile ambacho Werner alikiona Kauai.

Kwa mshauri nasaha na mlezi wa wanafunzi, somo ni jepesi kulitaja ingawa si jepesi kulitenda. Mwanachuo asemapo nimechoka, swali la kwanza liwe: umechoshwa na nini? Swali hilo linabadili sarufi ya mazungumzo. Linamtoa mhusika katika hali isiyo na chanzo na kumpa nafasi ya kukitaja kisababishi: mkopo uliochelewa, chumba kimoja kinacholaza watu wengi, somo lisiloeleweka kwa sababu ya lugha, msiba wa nyumbani, msimamizi asiyejibu. Baadhi ya visababishi hivyo chuo kinaweza kuviondoa. Vingine haviondoki, lakini kikitajwa kitu huweza kugawanywa. Nafasi ya haiba inabaki. Mwepesi wa kuhangaika atahitaji msaada mapema kuliko mwenzake, na kumjua hivyo ni kumtendea haki. Kumwambia kwamba amejichosha ni jambo jingine kabisa.

Itasemwa kwamba methali za Kiswahili zinafundisha uvumilivu, na kwamba kuuondoa ni kuukana urithi. Hoja hiyo inasahau nusu ya urithi. Wahenga waliosema mvumilivu hula mbivu walisema pia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi hazipingani. Kila moja ina mahali pake. Uvumilivu unamfaa anayengoja tunda liive. Aliye na jeraha anatakiwa kusema.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba haiba, unyumbufu wa nafsi na uchovu sugu ni dhana zinazohusiana lakini zenye mipaka, na kwamba Kiswahili kinaweza kuzitaja kwa usahihi kikitumia rasilimali zake chenyewe. Imependekezwa kwamba neno haiba libaki bila kubeba sifa wala hukumu, kwamba uchovu sugu ukamilishwe kwa kutaja uwanja wake, na kwamba unyumbufu wa nafsi utengwe na uvumilivu na ustahimilivu. Mapendekezo haya yanahitaji kujadiliwa na wanasaikolojia, wanaleksikografia na vyombo vya kusanifisha lugha. Muhimu zaidi, yanahitaji kujaribiwa na watakaoyatumia, yaani washauri nasaha na wanachuo wenyewe.

Kazi ya istilahi mara nyingi huonekana kuwa ya mezani, mbali na maisha ya watu. Katika suala hili umbali huo haupo. Mwanachuo anayeambiwa avumilie na yule anayeulizwa amechoshwa na nini hutoka katika chumba kilekile cha ushauri, mmoja akiwa na mzigo uleule aliokuja nao, na mwingine akiwa ameutua kwa sehemu. Tofauti kati yao imeanzia katika uteuzi wa kitenzi.